Uzi Ambao Haukulazwa

Siku mliponiaga mlinipa kitambaa cha meza. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikapigwa picha na keki. Kisha nikakifanyia kile nilichokifanyia kila kitambaa kilichopita mkononi mwangu kwa miaka thelathini na mmoja: nikakigeuza. Nyuma yake kulikuwa na karatasi ngumu nyeupe, ile inayobandikwa na mashine za kompyuta kule Tunduma, na maua kumi na mawili yaliyofanana mpaka kwenye kosa. Mwalimu wa kudarizi kwa mkono ameagwa kwa kazi ya mashine. Nilicheka, na ninyi mkacheka mkidhani nimefurahi.

Katika hotuba yake mkuu wa kituo alisema niwaandikie uzoefu wangu, uwafae walimu vijana wa cherehani na wa kompyuta mnaobaki. Nadhani aliyasema hayo kwa kuwa hotuba ilikuwa imemwishia mapema. Mimi nimeamua kumtii. Habari za vyeo na mshahara sitazigusa; nilikuwa mkuu wa darasa la kudarizi kwa sababu aliyekuwepo kabla yangu alifariki, na hiyo ndiyo habari yote ya kupanda kwangu. Nitaandika kazi. Na ndani ya kazi hiyo kuna jambo moja nililolinyamazia kwa miaka kumi na tisa, nalo mtalikuta huko mbele.

Nilifika kituoni, hapa jirani na Ihanda, mwezi wa sita. Baridi ya Mbozi ilikuwa imekaza na kahawa imeanikwa kwenye vichanja kila nyumba. Nilikuja na cheti cha ushonaji, sketi mpya na majivuno. Aliyenipokea ni Mama Halinga, mwalimu wa kudarizi, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa mguu mmoja kwa uzi wa bluu. Cheti hakukiuliza. Alinishika mikono, akaipitisha taratibu juu ya kipande cha hariri alichokuwa nacho mfukoni. Vidole vyangu vikakwaruza, nyuzi za hariri zikanyanyuka.

"Umetoka shamba?"

"Ndiyo, mama. Nyumbani tulikuwa tunavuna mahindi."

"Hiyo si mikono, ni msasa. Nenda jikoni."

Nilidhani nimepelekwa kupika. Kumbe nilipelekwa kuomba kijiko cha sukari na mafuta ya kula kidogo, nisugue viganja mpaka sukari iyeyuke, kisha ninawe kwa maji ya moto. Nilifanya hivyo kila asubuhi kwa mwezi mzima kabla ya kuruhusiwa kugusa kitambaa cheupe. Dawa hiyo nawaachia. Inamfaa hata anayeshika kipanya cha kompyuta kutwa nzima, ingawa sijui huo ulaini ataupeleka wapi.

Wiki mbili za kwanza baada ya mwezi huo sikushona, nilifumua. Nilikuwa nikimaliza ua moja zuri, la kujaziwa vizuri kabisa, nampelekea. Naye hulipokea huku akitazama dirishani.

"Fumua."

"Mama, nimekosea wapi?"

"Geuza."

Nyuma kulikuwa na vifundo, na nyuzi zilizoruka kutoka ua hili kwenda lile kwa uvivu wangu wa kukata na kuanza upya. Mama Halinga alisema mbele ya kitambaa hutazamwa na mgeni, nyuma hutazamwa na anayekifua, na yeye ndiye anayefua. Nilimchukia kwa muda wa kama miaka miwili. Baadaye nilimpenda sana, lakini hilo sikuwahi kumwambia. Kazini kwetu hapakuwa na desturi hiyo.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Fremu ya maduara mawili ya mbao, na duara la ndani lizungushiwe utepe wa kitambaa laini, la sivyo litaiuma kazi na kuacha alama isiyotoka. Sindano yenye tundu refu. Subana ya chuma ya kuvaa kidoleni, ambayo wanafunzi wote huikataa mpaka wachomwe vya kutosha. Uzi wa kudarizi una nyuzi sita ndani yake. Vuta mbili kwa mshono wa shina, tatu kwa mshono wa mnyororo, na usivute kwa pupa maana zitajifunga. Mkasi mdogo wenye ncha kali, usiokata karatasi kamwe. Mwaka jana nilikuta mmoja wenu anafungua mfuko wa saruji kwa mkasi wangu. Sikumtaja wakati ule na simtaji sasa, lakini anajijua.

Mchoro tuliuchapa kwenye kitambaa kwa kaboni ya bluu. Kaboni hupaka, na mikono nayo hupaka, kwa hiyo kitambaa cheupe kikimalizika lazima kifuliwe, kitiwe wanga, kipigwe pasi ya mkaa kikiwa na unyevu. Na hapo ndipo rangi nyekundu inapomwumbua mtu. Mama Halinga alikuwa haiamini nyekundu hata kidogo. Kabla haijagusa kitambaa cheupe, alitaka uzi wake ulazwe: unauweka kwenye bakuli la maji ya moto yenye chumvi pamoja na kitambaa kidogo cheupe, unauacha mpaka asubuhi. Asubuhi ukikuta kitambaa kile kimebaki cheupe, uzi ni wa kushonea. Ukikuta kimekuwa cha waridi, unamwaga maji, unaulaza tena, hata mara nne. Tuliita kulaza uzi. Na kanuni ya darasa ilikuwa kwamba kila mdarizi hulaza uzi wake mwenyewe.

Siku za Alhamisi mchana darasa lilikuwa la wote. Walikuja wake za wakulima, manesi, mwalimu wa chekechea, karani wa mahakama ya mwanzo aliyekuwa akificha fremu kwenye mkoba wa mafaili. Hao hawakutafuta cheti. Walidarizi kwa kupenda tu, foronya za mabinti wao wanaoolewa, vitambaa vya makochi, wakabadilishana michoro waliyoinakili kwenye karatasi za mafuta. Palikuwa na desturi moja: ukiazima mchoro, unaurudisha na mwingine wa kwako juu yake. Hivyo sanduku letu la michoro lilikuwa likinenepa kila mwaka bila mtu kulisimamia. Nikiulizwa ni lini nilifurahi katika kazi hii, nitasema Alhamisi.

Mama Halinga alifariki nikiwa na miaka kumi kazini. Nikaachiwa darasa, sanduku la michoro, na miwani yake ambayo hakuna aliyejua pa kuipeleka.

Mwaka uliofuata akaja Sekela. Alikuwa binti wa miaka ishirini kutoka milima ya Ileje, upande wa Isongole, aliyekuja kukaa kwa shangazi yake. Alianzia Alhamisi, nikamwandikisha darasani. Nimefundisha mamia ya watu, na mkono kama ule nimeuona mara moja. Akimaliza uzi, aliupitisha chini ya mishono mitatu, kisha akaurudisha mmoja, halafu akakata. Mimi nilikuwa nafundisha mitatu tu. Nilimwuliza kwa nini anarudisha. Akasema, "Mwalimu, usipourudisha, siku moja uzi utataka kwenda." Nyuma ya kazi yake ungeweza kuitandaza mezani na mgeni asijue.

Alitaka jambo moja. Kituo kilikuwa kimekubali kuwa na mwalimu msaidizi wa kudarizi, na jina lake ndilo nililolipeleka. Kwa binti ambaye baba yake alikuwa amekwisha kusema atarudi nyumbani kuolewa mahindi yakivunwa, nafasi ile ilikuwa ndiyo mlango pekee. Aliniambia mwenyewe, tukiwa tunakunja vitambaa, "Mwalimu, nikipata hapa, baba atanyamaza."

Wakati huo huo kanisa letu jipya lilikuwa linakaribia kuwekwa wakfu. Kamati ya akina mama, chini ya mwenyekiti wao Mama Mwazembe, ilituomba kitambaa cha madhabahu. Nilimpa Sekela. Alichora mwenyewe: mahindi pembeni, msalaba katikati, na matawi ya mibuni yakizunguka yote, buni zake nyekundu zikiwa zimeiva, kila moja imejazwa kwa mishono midogo. Alifanya kazi miezi minne. Watu walikuja darasani kuitazama kama wanavyokuja kumwona mtoto mchanga.

Wiki ya mwisho uzi mwekundu uliisha. Zilibaki buni kumi na moja. Nilimwambia Sekela asiwe na wasiwasi, nakwenda Tunduma Jumatatu, Jumanne atakuwa nao. Nilikwenda kweli Jumatatu. Lakini Tunduma binti wa dada yangu alikuwa anaagwa kwao kabla ya ndoa siku ya Alhamisi, na pale kuna nguo za kuchagua, vyakula, nyimbo, na mimi nilikuwa mtu mzima wa pili katika ukoo. Nikakaa. Ijumaa asubuhi ndipo nilipokumbuka uzi, nikavuka upande wa pili wa mpaka, nikamkuta mama mmoja Mzambia kwenye meza yake ya nyuzi.

"Haitoki rangi?" nilimwuliza.

"Mayo," akaniita mama kwa lugha ya kwao, "kala hii haitoki. Ni orijino."

Nikanunua, nikapanda gari. Nilifika kituoni saa nane mchana. Ibada ilikuwa Jumapili. Nimeupanga ule muda kichwani mara nyingi kuliko ninavyosali: tungeulaza uzi Ijumaa ile, tungeukausha Jumamosi asubuhi, angeshona mpaka jioni, tungefua usiku, tungepiga pasi Jumapili alfajiri. Ingewezekana. Ila kamati ilikuwa inakuja kuona kazi ikifuliwa Jumamosi mchana, na ningelazimika kukiri mbele yao kwamba nimechelewesha kazi kwa sababu ya sherehe. Sekela aliupokea ule uzi, akaunusa kama alivyozoea.

"Mwalimu, umelazwa huu?"

"Umelazwa. Shona, muda unatuishia."

Hakuuliza mara ya pili. Kwa nini aulize? Mimi ndiye niliyemfundisha kulaza.

Jumamosi mchana tulifua. Akina mama wa kamati walikuwa wamesimama uani kuzunguka beseni jeupe wakiimba, maana walitaka kuliona jambo lile kwa macho yao. Sekela alikizamisha kitambaa kwa mikono yote miwili. Wimbo haukufika mbali. Maji yalianza kugeuka waridi kwenye kona moja, na kabla hajakivuta rangi ilikuwa imekwisha kutambaa kutoka kwenye zile buni kumi na moja, ikapita kwenye msalaba na kuingia katika mahindi. Tuliweka chumvi. Tuliweka limau. Tulikianika juani na kukifua tena. Kila tulipokifua kiliiva zaidi.

Mama Mwazembe aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Uzi huu nani aliulaza?"

Watu walimtazama Sekela. Sekela alinitazama mimi. Nami nikasema, "Kanuni yetu ni kwamba kila mdarizi hulaza uzi wake mwenyewe."

Tazameni sentensi hiyo. Haina neno moja la uongo. Nimewahi kusema maneno mengi ya hovyo kazini, nimewatukana wanafunzi, nimewafanya walie, lakini jambo baya kuliko yote nililolisema katika miaka thelathini na mmoja lilikuwa la kweli tupu. Sekela alisubiri. Nilimwona akisubiri. Kisha akapiga magoti pale kwenye matope ya beseni na kusema, "Nisameheni, mama zangu."

Jumapili madhabahu ilitandikwa shuka jeupe lisilo na kitu. Wakati wa matangazo, Mama Mwazembe alieleza waumini kwa nini, na Sekela aliitwa asimame, waliochanga fedha za kitambaa wamwone. Alisimama muda wote wa maelezo. Mimi nilikuwa benchi la tatu, nimevaa gauni nililolichagua Tunduma. Jumanne kamati ya kituo ilifuta jina lake kwenye nafasi ya mwalimu msaidizi. Akapewa kile kitambaa akiweke, ati akumbuke. Alipokuwa anapanda gari la kurudi kwao nilimwambia nitamwandikia barua. Barua sikuandika.

Baada ya hapo nilikuwa mkali wa kulaza uzi kuliko Mama Halinga. Nilikagua bakuli la kila mwanafunzi kwa mkono wangu. Wakaguzi wakija walinisifu, wakaandika kwamba darasa letu lina nidhamu ya kazi. Fungu la uzi mwekundu lililobaki sikulitupa. Nililiweka kwenye kopo la maziwa, chini ya vifungo, na kila nilipotafuta kifungo nililiona.

Miaka iliyofuata mnaijua, au mmeisoma kwenye ripoti. Mashine zilifika Tunduma, na bibi harusi akaona jina lake linaandikwa kwenye foronya huku akisubiri soda. Wa Alhamisi wakapungua mmoja mmoja. Karani wa mahakama alistaafu, nesi alihamishwa, mwalimu wa chekechea alipata ugonjwa wa macho. Sanduku la michoro liliingiwa na panya, na nilipoomba kabati niliambiwa niandike barua. Niliandika barua tatu. Wanafunzi wakawa watano, wakawa mmoja, kisha nikaambiwa nisaidie darasa la cherehani kushona vifungo vya sare. Nilikwenda likizo ya wiki mbili, niliporudi nikakuta darasa la kudarizi limejazwa viti vya plastiki vya kukodisha kwenye sherehe. Hakuna aliyeona kwamba ni jambo la kuniambia. Nilishona vifungo miaka minne, kisha mkanipa keki.

Mwezi mmoja baada ya kustaafu, binti wa kaka yangu aitwaye Neema, ambaye ni nesi huko Itumba, aliichukua simu yangu akaniingiza kwenye kundi. "Shangazi, humu kuna watu wa aina yako." Nilitegemea mahubiri na picha za maua ya alfajiri. Nikakuta wanawake zaidi ya mia moja, manesi, walimu, wakala wa mizigo mpakani, mama mmoja mwenye duka la mbolea, wote wanadarizi kwa mkono baada ya kazi zao na kutumiana picha. Mmoja anaomba mchoro, mwingine anaupiga picha na kuutuma, na aliyepokea hana ruhusa ya kuomba tena mpaka aweke wa kwake. Nilishangaa. Nani aliwafundisha desturi ya Alhamisi zangu?

Halafu nikaona jambo la pili. Picha ya kwanza ya kila kazi ilikuwa ya nyuma. Mbele ilifuata baadaye, kwa mtu aliyetaka.

Siku ya tatu mmoja wao, msichana wa Tunduma, alituma picha ya kitambaa kilichochuja rangi, na chini yake vikaragosi vya kulia. Watu wakampa pole. Kisha ukaja ujumbe wa sauti kutoka kwa mtu aliyeandikwa Mama Tumaini Isongole, yule ambaye wote walimwita mwalimu. Niliufungua nikiwa nimekaa kitandani nakunja nguo.

"Poleni. Uzi mwekundu ulazeni wenyewe. Mtu akikwambia umelazwa, we itikia tu, halafu nenda kaulaze tena. Hata kama ni mwalimu wako."

Wakaweka vikaragosi vya kucheka. Mimi niliifahamu ile sauti kabla haijafika kwenye neno mwalimu. Nilirudi nyuma kwenye picha zake, nikazikuza mpaka simu ikakataa: mishono mitatu, kisha mmoja kurudi.

Jumamosi iliyofuata nilitoa kopo la maziwa, nikapanda gari la Itumba, na kutoka pale nikachukua bodaboda mpaka Isongole. Sikuhitaji kuuliza sana. Kwa mwalimu wa kudarizi panajulikana. Alikuwa barazani kwake na wanawake watano, kila mmoja na fremu yake. Amenenepa, ana miwani, kilemba chake kimefungwa vizuri. Alisimama aliponiona.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," niliitikia, nikaona aibu kwa kuitikia.

Alinipa kigoda. Akawageukia wenzake akasema, "Huyu ndiye aliyenishikisha sindano." Wanawake wakanisalimia kwa adabu, wakaendelea na kazi.

"Sekela, mwanangu, naomba tuongee pembeni kidogo."

"Pembeni tena, mwalimu? Hawa ni watu wangu. Ongea tu."

Nilitoa kopo. Nikalitoa lile fungu. Alilitazama, akaingia ndani, akarudi na glasi ya maji ya moto, chumvi, na kitambaa kidogo cheupe. Aliviweka mbele yangu kwenye sakafu.

"Laza."

Niliweka uzi ndani ya maji. Sindano za wale wanawake zilisimama. Hatukusubiri mpaka asubuhi. Baada ya muda mfupi rangi ilianza kushuka chini ya glasi, miaka kumi na tisa yote imepita na haikuwa imechoka. Sekela alikivuta kile kitambaa kwa ncha ya sindano na kukining'iniza pale wote wanapoona.

"Sasa sema, mwalimu."

Nikasema. Nilisema Tunduma, nilisema sherehe, nilisema "umelazwa", nilisema beseni na ile sentensi yangu ya kweli, nilisema Jumapili na benchi la tatu. Mwanamke mmoja alisonya. Mwingine alisema polepole, "Jamani, na akaacha asimamishwe kanisani?" Sekela alikuwa anatazama mikono yake.

"Nilijua," alisema. "Jumamosi ileile nilichukua kipande cha uzi kilichobaki kwenye sindano nikakiweka kwenye kikombe kwa shangazi."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe."

Yeye akaendelea kwa sauti ileile ya kwenye simu, sauti ya kufundishia.

"Nilikusubiri uani pale. Nikakusubiri Jumapili nimesimama, nikasema sasa atanyanyuka. Nikakusubiri Jumanne. Gari lilipofika mbele kidogo nikaacha. Baba hakunyamaza, mwalimu. Mahindi yalivunwa nikaolewa na mtu aliyemtaka yeye, na sindano nilianza kuishika tena huyo mtu alipokufa."

Nilitoka kwenye kigoda nikapiga magoti. Nikamwomba anisamehe. Aliniacha hapo chini kwa muda, kisha akanishika kiwiko akaninyanyua, kwa namna unavyomnyanyua mtu anayezuia njia.

"Hapa umeniambia mimi, na mimi nilikuwa najua. Kawaambie wasiojua."

"Tuende wote. Nitakulipia gari."

"Mimi pale nilishasimama."

Aliingia ndani tena, akatoka na kile kitambaa, kimekunjwa kwenye mfuko. Alisema anakitumia kufundishia, kwa hiyo nikishawaonyesha nimrudishie. Madoa yalikuwa yamefifia kidogo. Nilikigeuza, mkono wenyewe tu ulikigeuza. Nyuma kilikuwa safi, hata kwenye zile buni kumi na moja za haraka.

Nilisimama kanisani Jumapili ya pili, wakati wa matangazo. Baadhi yenu mlikuwepo, mmeshika simu zenu, mkidhani bibi aliyestaafu anatangaza biashara. Sikuwalaumu. Waliokuwa wameijaza nyumba ile siku ya kuwekwa wakfu, wengi wako makaburini, na wengine wamehamia kwa watoto wao. Katika kamati yote ya akina mama walibaki watatu. Wawili walitazama sakafu muda wote niliokuwa naongea. Wa tatu alikuwa Mama Mwazembe mwenyewe, benchi la mbele, amekuwa mdogo ndani ya koti lake, na masikio yamekwisha kufa. Mkwe wake alikuwa akimwinamia na kumpigia kelele kila sentensi yangu, kwa hiyo kanisa lilinisikia mara mbili.

"Anasema uzi ule hakuulaza!"

"Nani?"

"Mwalimu! Anasema ni yeye, siyo yule binti!"

Mama Mwazembe alininyooshea mkono. Nilishuka nikampelekea kitambaa. Alikiweka magotini, akayatazama madoa, kisha akakigeuza. Akapitisha kidole gumba kwenye mishono, mmoja baada ya mwingine, kwa muda mrefu mpaka mchungaji akakohoa.

"Kazi safi," alisema kwa ile sauti kubwa ya watu wasiosikia. "Basi mwambieni arudi. Ile nafasi ya kufundisha si ipo?"

Mkwe wake alinitazama, hakumwinamia. Wale wawili wa kamati hawakumwinamia, wala mkuu wa kituo aliyekuwa nyuma yao, ambaye anajua viti vya plastiki viko vingapi mle ndani. Nikaona wote wananisubiri. Basi nikainama mimi, nikaweka mdomo sikioni pake, nikapaza sauti mpaka waliokuwa nje wakasikia.

"Haipo, mama. Ilikuwepo siku ile."